Aya Tatu za Mwisho

Naanza na lile ambalo lingepaswa kuja mwisho, kwa sababu niliwahi kuuamini mwisho na ukanitia aibu. Yule bibi wa mtaa wa Isevya hakuwa mtoto wa mtumwa. Baba yake alikuwa kirangozi, yaani mtu wa mbele kabisa katika msafara, mwenye kujua njia, visima na tabia za wenyeji wa kila kituo kutoka Tabora hadi pwani. Vile vyuma vidogo alivyoviacha vilikuwa njuga, kengele za kufunga miguuni ili wa nyuma wasikie mwenye njia anakanyaga wapi. Hazikuwa pingu. Nimeiweka sentensi hiyo hapa juu, pasipofikiwa na mkasi wa mhariri. Sasa anayetaka kukata na akate.

Haya yalitokea miaka michache baada ya Azimio, wakati kila mkutano mjini ulianza kwa kukumbushana kwamba sote ni ndugu. Nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, msichana wa Kimoravian kutoka kijiji cha kusini mwa mji, na kazi yangu ilikuwa kunakili hotuba za wakubwa. Nilinakili nyingi mno. Nyingine vidole vyangu vilizijua kabla msemaji hajazitamka. Nadhani ndiyo sababu, mkubwa wangu aliponiuliza kama ningependa kuhudhuria mafunzo ya uandishi wa habari yaliyoletwa Tabora, nilisema ndiyo kabla hajamaliza swali.

Mkufunzi alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye kalamu nyekundu isiyotoka mkononi. Nitampa haki yake: alijua kufundisha. Siku ya kwanza alitusomea taarifa iliyoanza na maneno "Mheshimiwa amewataka wananchi", akaikunja mara nne, akaikalia. Tulicheka mpaka ugeni ukatutoka. Kisha akatupa somo ninalolijua hadi leo hata ukiniamsha usingizini. Taarifa ya habari, alisema, hutanguliza lililo zito, likafuata jepesi, na lililo jepesi kabisa likaja mwisho, kwa sababu mhariri akikosa nafasi hukata kuanzia chini. Makala haiendi hivyo. Makala humwonyesha msomaji kitu kimoja tu, ikamtia hamu, na maana yake ikafichwa mpaka aya za mwisho.

"Nazi hukamuliwa mara mbili," alisema. "Lile tui zito unaliweka kando. Unalimimina chunguni mwisho, chakula kinapokaribia kuiva."

Sisi tuliokulia kwenye karanga tulitazamana. Kwetu karanga hutwangwa zote na kuingia zote, hakuna ya kuwekwa kando. Lakini alikuwa mwalimu, ametoka Dar es Salaam, na anaandika magazetini. Tukayanakili maneno yake madaftarini.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza: huyo mhariri aliyezoea kukata kuanzia chini, akiletewa makala, atakata kuanzia wapi? Watu wazima zaidi ya ishirini tulikaa kwenye madawati ya watoto, tukatikisa vichwa. Nikikumbuka nataka kujizaba kibao.

Makala yangu ya kwanza ilihusu soko la Gongoni. Niliandika bei, nikaandika mafungu ya dagaa, nikaandika mafundi cherehani na wauza asali. Ilirudi imejaa wekundu. Chini kabisa mkufunzi aliandika, "Umeniandikia vitu vya kununua. Nitafutie mtu mmoja." Niliumia, kisha nikaona kwamba ni kweli. Nikaanza kutafuta mtu.

Nilimpata kwa njia ya mjukuu wake. Huyu alikuwa msichana wa rika langu, mwalimu wa elimu ya watu wazima, na tulikuwa tunapanga foleni pamoja kwenye duka la ushirika. Nilimwambia natafuta mzee anayeijua njia ya misafara. Akacheka, akasema, "Twende nyumbani. Ila ujiandae, bibi akianza hanyamazi."

Nyumba ilikuwa ya tofali mbichi, imepakwa chokaa, na ua wa nyuma umefagiliwa mpaka unaona aibu kukanyaga. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu ni wapi, baba yangu analima nini, mama yangu ni wa ukoo gani. Aliniuliza mengi kuliko niliyomwuliza mimi. Ndipo nikafungua daftari na kuuliza swali ambalo nililiandaa usiku kucha kama mjinga.

"Bibi, baba yako alipata mateso gani katika njia ile?"

Ungo ulisimama. "Mateso? Nani kakwambia mateso?"

Nikababaika. Shuleni tulisoma minyororo. Kwenye hotuba nilizozinakili, njia ile ilikuwa minyororo kutoka mwanzo hadi mwisho. Minyororo ilikuwapo kweli, na bibi hakuwahi kuikana hata mara moja. Lakini baba yake, alisema, alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, kwa mapatano yake mwenyewe, na masika ya kulima yalipokaribia alirudi kwa miguu hiyo hiyo. Mvulana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona bahari, wasichana walimtazama kama mtoto wa kunyonya. Baba yake alianza na mzigo wa kawaida, akaota sugu begani, akajifunza njia kwa miaka, mpaka wapagazi wenzake walipomchagua atangulie. Na akishatangulia, hakuna wa kumpita. Aliyempita kirangozi njiani alitozwa faini, hata awe jamaa wa mwenye mali.

"Hata Mwarabu?" niliuliza.

"Mwarabu alikuwa nyuma huko, anakula vumbi," bibi akasema, akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Mwarabu alikuwa na mali. Njia alikuwa nayo baba yangu."

Nilirudi alasiri nne. Siku ya mwisho alinitolea njuga kutoka kwenye sanduku la bati. Zilikuwa nyeusi, nzito kuliko nilivyodhani, zimefuliwa na mhunzi wa ukoo wao kwa chuma cha majembe yaliyokwisha. Aliniruhusu nizishike. Niliporudi chumbani kwangu nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Nilijua nimeshika kitu ambacho hakuna aliyekiandika.

Basi nikaandika kama nilivyofundishwa. Nilianza na vyuma. Nakumbuka kila neno: "Vyuma vimelala juu ya mkeka. Vilikuwa miguuni mwa mtu, na mtu huyo alitembea navyo kutoka Tabora mpaka baharini." Sikusema ni vyuma gani. Niliweka tui kando. Nikaeleza barabara, jua la nyika ya Mgunda Mkali, mizigo, pembe, vifo vya njiani. Aya baada ya aya nilimvuta msomaji adhani anachotarajia kudhani, na katika aya tatu za mwisho nikampindua: nikamwambia vyuma hivyo ni kengele, mwenye kuvaa alivivaa kwa fahari, na huyo msomaji wangu alidanganyika kwa sababu hajawahi kuuliza. Mkufunzi aliisoma akiwa amesimama. Hakutia wekundu hata mahali pamoja. Aliipeleka mwenyewe Dar es Salaam, kwenye gazeti.

Siku garimoshi lilipoleta gazeti lenye makala yangu, nilinunua nakala mbili palepale stesheni. Nitakiri jambo ambalo mtu mwenye akili angelificha. Niliona jina langu, nikaona nusu ukurasa, nikaona maneno ya mwanzo yapo kama nilivyoyaandika, na kichwa kikanivimba. Sikusoma mpaka chini. Nani anasoma mpaka chini kitu alichokiandika mwenyewe? Nilikwenda moja kwa moja Isevya kumpelekea bibi nakala yake.

Mjukuu alikuwa mlangoni. Hakunikaribisha. Alikuwa na gazeti lake mkononi, kumbe limefika kabla yangu, kwa kuwa Gongoni kuna baraza ambapo gazeti husomwa kwa sauti mara linaposhuka stesheni.

"Wewe," akasema, "bibi yangu alikukosea nini?"

Ndipo nikasoma. Juu waliandika kwa herufi nene: VYUMA VYA MTUMWA BADO VIPO TABORA. Makala ilikwenda sawasawa mpaka kwenye vifo vya njiani, ikasimama. Aya tatu hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na tangazo la sabuni ya kufulia, lenye mwanamke anayecheka akishika shati jeupe. Na juu kidogo ya sabuni, mtu ambaye hajawahi kukanyaga ua ule alikuwa ameongeza sentensi yake mwenyewe, kwa jina langu, kwamba huo ndio unyonyaji tuliouzika milele.

Nilisema, "Wamekata." Mjukuu akanitazama kama mtu aliyekanyagwa anavyomtazama anayesema amesukumwa.

Sasa yanipasa nieleze jambo ambalo wageni hawalioni Tabora, na wenyeji wanajifanya hawalioni. Mjini kwetu kulikuwa na kumbukumbu ndefu ya nani ni mtoto wa nani. Haikuandikwa popote, haikutamkwa mkutanoni, lakini ilijitokeza palepale panapohusika ndoa. Na yule mjukuu alikuwa ameposwa. Watu wa Gongoni, wafanyabiashara wa vitambaa tangu enzi, walikuwa wameleta barua ya posa kwa ajili ya kijana wao, na ilikuwa imepokewa. Siku mbili baada ya gazeti kusomwa barazani, walimtuma mtu. Hawakuvunja. Walisema tu kwamba wanaomba wasubiriwe, bado wanaulizana.

Kuulizana! Wiki tatu kabla hawakuwa na la kuulizana. Msichana alikuwa yule yule, bibi yule yule, nyumba ile ile. Kilichoongezeka ni karatasi.

Niliandika barua kwa mhariri. Sikujibiwa. Nikaandika ya pili, nikatoa nakala ya kaboni ya makala yote, nikazipigia mstari aya tatu. Sikujibiwa. Nikaomba likizo, nikapanda daraja la tatu hadi Dar es Salaam, nikiwa na hasira iliyonishibisha safari nzima, nikafika kwenye ofisi ya gazeti na vumbi la njiani bado liko kichwani.

Mhariri alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Alinipa kiti, akaniagizia chai. Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza, kisha akasema wao hukata kuanzia chini, siku zote, na kama jambo lilikuwa muhimu kiasi hicho, mbona nililiweka chini?

"Ndivyo tulivyofundishwa," nikasema. "Maana ya makala hufichwa mpaka mwisho."

"Hayo ni ya darasani, dada. Hapa kuna ukurasa, na ukurasa una mwisho."

"Na ile sentensi ya unyonyaji? Nayo ilikosa nafasi?"

Alikoroga chai. "Makala inahitaji funzo," akasema.

Nilimwomba aandike masahihisho. Mistari miwili tu: baba wa bibi huyo alikuwa kirangozi, mtu huru. Hapo akaweka kijiko chini, akaniambia maneno ambayo nimebishana nayo moyoni miaka yote hii.

"Ndugu yangu, tukiandika hivyo tutakuwa tumesema nini? Kwamba kuwa mtoto wa mtumwa ni aibu inayohitaji kusahihishwa gazetini? Nchi hii haina mtumwa wala mwungwana. Sote ni wakulima na wafanyakazi. Huyo bibi analalamikia nini hasa?"

Nilikasirika mpaka machozi. Nilikasirika kwa sababu alikuwa ameshika nusu ya ukweli na anaitumia kufunikia uvivu wake. Hakukata zile aya kwa ajili ya usawa wa binadamu. Alizikata kwa ajili ya sabuni. Halafu, baada ya kumvika mtu pingu ambazo hakuvaa, ananiambia mimi ndiye ninayezionea aibu pingu! Nilimwambia hivyo, karibu kwa maneno hayo. Akasema nina kipaji, na niendelee kuwaletea makala.

Kwenye ngazi nilikutana na mkufunzi wangu. Alifurahi sana kuniona. "Mwanzo wako!" akasema. "Vyuma juu ya mkeka! Nimeutumia kufundishia Morogoro." Nilimwuliza kama alisoma mpaka chini. Akasema walikuwa wamebana kidogo, ndiyo, lakini yale ya mwanzo yalibaki. Nilishuka bila kumuaga, mimi niliyelelewa kuaga hata nisiowapenda.

Niliporudi nilikwenda Gongoni, kwa mzee wa ile familia, baba mkubwa wa kijana. Ndiye aliyekuwa akisemea posa. Alikuwa amekaa na wenzake watatu barazani, kahawa imewekwa katikati. Msichana wa Kimoravian, peke yangu, na karatasi za kaboni mkononi. Mpaka leo sijui nilipata wapi uso huo. Niliamkia, wakaitikia. Nikaomba ruhusa niwasomee makala yote kama ilivyoandikwa, na yule mzee, kwa adabu kubwa, akaniruhusu.

Nikasoma. Nilisoma aya tatu za mwisho polepole, nikawatazama machoni. Mmoja wa wale wazee alitikisa kichwa penye faini ya kumpita kirangozi, alikuwa anaijua. Nilipomaliza nilidhani nimeshinda.

"Umesoma vizuri, mwanangu," akasema yule mzee. "Lakini hiyo ni karatasi ya ofisini kwenu. Mashine unayo mwenyewe. Ile ya Dar es Salaam imepigwa chapa, imesomwa nchi nzima."

"Ile ya Dar es Salaam imetoka kwenye hii!"

"Basi wangeiacha yote," akasema, akanimiminia kahawa.

Mtu anaweza kubishana na uongo. Kubishana na adabu ni kazi nyingine. Nilikunywa ile kahawa chungu, nikashukuru, nikaondoka nikiwa nimekunja karatasi zangu mpaka zikachanika kwenye mkunjo.

Nilirudi Isevya kila wiki. Bibi hakunifukuza. Aliendelea kupeta mchele wake, akaniuliza habari za wazazi, na habari za gazeti hakuzigusa. Mara moja tu alisema, bila kuinua macho, "Baba yangu alikuwa na kazi. Mmemvua kazi yake." Alisema "mmemvua", na nilijua mimi nimo ndani ya hiyo mmemvua, wa kwanza kwenye mstari.

Halafu alasiri moja, nikiwa hapo hapo uani, yule mzee wa Gongoni akapiga hodi. Alikuja na wenzake wawili, kanzu zimenyooshwa. Mjukuu akaingia ndani, akasimama nyuma ya pazia. Mimi nilitaka kuondoka, bibi akanionyesha kwa kidevu nikae. Walitandikiwa mkeka. Walijuliana hali kwa kirefu, wakasifu ua. Kisha mzee akasema wamekwisha kuulizana. Akasema siku hizi ni siku za Ujamaa, mambo ya kale yamepita, binadamu wote ni sawa. Msichana ana tabia njema, amesoma. Kwa hiyo familia imekaa na kuamua.

"Tumesamehe," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Wenzake walitikisa vichwa, wameridhika na ukarimu wao. Bibi aliweka ungo chini.

"Mmesamehe nini?" akauliza.

"Hayo yaliyoandikwa, bi mkubwa. Sisi hatuyatazami tena."

"Aliyekosa nani?"

Mzee akatabasamu. Bibi alisubiri kwa muda ambao mtu yeyote mwenye huruma angelisema lolote kuukatisha. Ndipo akawaambia, bila kupandisha sauti, kwamba anawashukuru kwa miguu yao, chai inachemka na watakunywa, lakini mjukuu wake haolewi kwa msamaha. Nyuma ya pazia nilisikia msichana anavuta pumzi. Sikujua, na hadi leo sijui, kama ilikuwa ya kulia au ya kushusha mzigo. Baadaye aliolewa Bukene, na mtu wa reli. Sikualikwa, na nilistahili kutoalikwa.

Wageni walikunywa chai yote kama adabu inavyotaka, wakaondoka. Nilisema kila lililonijia: wao ni nani, wanajiona nani, wamepewa na nani haki ya kumsamehe mtu kwa kuzaliwa? Bibi aliniacha nimalize. Alikuwa amechoka, nadhani, na mtu aliyechoka humwamini aliye karibu.

"Yule mzee," akasema, "mama yake alinunuliwa. Alikuja hapa mjini akiwa kasichana, hajui hata neno moja la lugha ya hapa. Nyumba yao ilikuwa mlango wa pili kwetu. Alikuwa akinisuka nywele." Alipitisha kiganja kichwani taratibu. "Alikuwa na vidole laini, yule. Aliimba kwa lugha ya kwao, na hatukuwahi kujua anaimba nini. Mtoto wake hajui kwamba najua. Sijamwambia mtu."

Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria yule kasichana. Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza. Lakini kilichonipanda kichwani ni ushindi, mtamu na wa moto. Niliona makala yote mara moja. Vidole kwenye nywele, hapo pa kuanzia. Wimbo usiojulikana. Na mwisho, mwisho ambao safari hii ningeuweka juu kabisa wasiweze kuukata: kanzu nyeupe, na neno lile, tumesamehe. Ningewafundisha Gongoni. Ningemfundisha mhariri na mkufunzi wake. Haki yote ilikuwa upande wangu.

Sikutamka hata neno moja la hayo. Bibi alikuwa ametazama chini, na alipoinua macho hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu wa kulia, nami nikautazama. Ulikuwa umekwisha ingia kwenye mkoba, umeshika daftari.

Bibi alivuta ungo magotini, akajifunga khanga vizuri.

"Karibu tena, mwanangu," akasema.

Mimi sikuwa nimeaga.